Mali Bila Daftari: Dai la Mjenzi, Kutoka Pwani Hadi Jebel

Mgeni aingiaye Juba kwa upande wa magharibi hukaribishwa na mlima. Wenyeji huuita Jebel Kujur. Neno jebel ni la Kiarabu, maana yake mlima. Na kujur, katika Kiarabu cha Sudan, ni mganga au kuhani wa jadi. Kutokana na mlima huo mtaa mzima umeitwa Jebel. Chini yake, kando ya barabara, mgeni huona mafungu ya kokoto yaliyopangwa kama vichuguu, na nyuma ya kila fungu mtu mwenye nyundo, aghalabu mwanamke, anayeponda mawe tangu asubuhi hadi jua kuchwa. Kokoto hizo huuzwa, hupakiwa katika tipa, huchanganywa na saruji na mchanga, hugeuka zege, na zege hugeuka nyumba.

Mponda mawe hulipwa fungu lake likipakiwa. Hali ya fundi anayelitumia fungu hilo ni tofauti. Yeye huanza kazi leo na kutazamia malipo baada ya miezi, pengine baada ya mwaka. Kati ya kazi yake na ujira wake pana maswali manne ambayo mponda mawe hana haja nayo: Je, kazi imekwisha? Nani wa kusema kwamba imekwisha? Malipo yanastahili lini? Na yatalipwa kwa fedha ya thamani gani? Makala haya yanakusudia kueleza kwa ufupi jinsi maswali hayo yalivyojibiwa katika historia, na kwa nini sisi walimu wa Kiswahili hatuwezi kuyaachia mawakili peke yao.

Maneno kama mashahidi

Tuanze na mali yetu wenyewe, yaani maneno. Lugha ya Kiswahili imehifadhi historia ya dai la mjenzi kuliko watu wengi wanavyodhani. Chukua neno kibarua. Asili yake ni barua ndogo: kipande cha karatasi alichopewa mfanyakazi ili siku zake za kazi zitiwe alama, naye akionyeshe wakati wa kupokea ujira. Baadaye jina la karatasi likamhamia mtu mwenyewe. Ama kwa hakika neno hili linatufundisha jambo kubwa: aliyeshika karatasi ndiye aliyehesabiwa kuwa amefanya kazi.

Kadhalika tunalo neno arubuni, yaani fedha ya kutanguliza ili kuyatia nguvu makubaliano, nalo limetoka katika Kiarabu. Stakabadhi nayo ni ya Kiarabu, yenye shina lenye maana ya kushika mkononi; ni hati ya kukiri kwamba kitu kimepokelewa. Mkataba umetokana na shina la kuandika, lile lile lililotupa kitabu na katibu. Ankara, yaani hati ya hesabu inayodaiwa, imetufikia kutoka Bara Hindi pamoja na wafanyabiashara wake. Kandarasi ni neno la Kiingereza lililovaa kanzu ya Kiswahili. Ukiyapanga maneno haya kwa zamu, utapata safari nzima ya kazi ya ujenzi: mkataba, arubuni, kandarasi, ankara, stakabadhi. Waarabu, Wahindi na Waingereza wamo katika safari hiyo, na kila mmoja wao aliacha hati. Hapana ajabu basi kwamba wahenga wetu walisema: mali bila daftari hupotea bila habari.

Sheria za kale na za jana

Dai la mjenzi ni la kale mno. Katika sheria za Hammurabi, mfalme wa Babeli aliyetawala yapata miaka 1,750 kabla ya kuzaliwa Kristo, imeandikwa kwamba mjenzi akimaliza nyumba alipwe shekeli mbili za fedha kwa kila kipimo cha eneo la nyumba. Sheria inayofuata haina huruma: nyumba ikianguka na kumwua mwenyewe, mjenzi auawe. Tazama jinsi mambo mawili yalivyofungwa pamoja tangu zamani: haki ya kulipwa na wajibu wa kujenga vyema. Hata leo kila ugomvi wa malipo ya ujenzi ni mvutano kati ya mambo hayo mawili. Mjenzi husema, “Nimemaliza.” Mwenye nyumba hujibu, “Hukumaliza vyema.”

Sheria ya Kiingereza, ambayo ndiyo iliyotawala sehemu kubwa ya Afrika ya Mashariki, ilianza na msimamo mkali. Mwaka 1795 mahakama ya Uingereza iliamua shauri la baharia aliyeahidiwa gini 30 iwapo angefanya kazi merikebuni kutoka Jamaica hadi Liverpool. Alifariki safarini siku 19 kabla ya merikebu kutia nanga. Mjane wake alidai ujira wa siku alizofanya kazi, akanyimwa. Mahakama ilisema kwamba mapatano yalikuwa ya safari nzima, na safari nzima haikutimizwa.

Kanuni hiyo ya bahari ikapanda nchi kavu. Mwaka 1898, katika shauri la Sumpter na Hedges, mjenzi alikuwa amekubali kujenga nyumba mbili na mazizi ya farasi kwa pauni 565. Alifanya kazi ya thamani ya pauni 333, akaishiwa na fedha, akaacha. Mwenye kiwanja aliyamalizia majengo mwenyewe. Mjenzi alipodai malipo ya kazi aliyokwisha kuifanya, alishindwa. Alichopata ni thamani ya vifaa vyake vilivyobaki kiwanjani na kutumiwa na mwenye kiwanja, kwa sababu huyo alikuwa na hiari ya kuvitumia au kuvirudisha. Kuta hakuwa na hiari nazo: zilikuwa zimekwisha kusimama katika ardhi yake.

Baadaye majaji walilegeza kamba. Mwaka 1952, katika shauri la Hoenig na Isaacs, fundi alikuwa ametengeneza na kupamba nyumba kwa mapatano ya pauni 750, na kasoro zake zikagharimu takribani pauni 56 kurekebishwa. Mahakama iliamua alipwe, zikitolewa gharama za kurekebisha. Kanuni iliyopatikana ni hii: kazi iliyotimizwa kwa sehemu kubwa inastahili malipo, ijapokuwa ina kasoro ndogo. Lakini mpaka wake upo. Mwaka 1972, katika shauri la Bolton na Mahadeva, mitambo ya kupasha nyumba joto ya pauni 560 ilikuwa na kasoro za pauni 174, na fundi akatoka mikono mitupu. Msomaji mwenye kupenda hesabu ataona kwamba kasoro ya kwanza ilikuwa chini ya sehemu moja katika kumi, na ya pili ilikaribia theluthi.

Sheria ilivyoingia kwetu

Njia ya sheria hizi kuja kwetu ilipitia Bara Hindi. Sheria ya Mikataba ya India ya mwaka 1872 ndiyo iliyotumika kwa miaka mingi katika nchi zetu. Mwaka 1961 njia zikagawanyika. Kenya iliiacha sheria ya India ikashika moja kwa moja kanuni za Kiingereza. Tanganyika ilitunga sheria yake, lakini kwa kielelezo cha ile ya India.

Mtu aweza kudhani kwamba hilo ni jambo la wanasheria tu. Sivyo. Sheria ya India, na ile ya Tanzania iliyoifuata, ina kifungu cha 70, ambacho maana yake ni kwamba mtu akimfanyia mwenziwe jambo la halali bila nia ya kulitoa bure, naye yule mwenziwe akafaidika, basi aliyefaidika anawajibika kufidia. Kifungu hiki kinampa mjenzi mlango wa pili pale ambapo mkataba wenyewe ni mbovu au haukukamilika. Hivyo basi mafundi wawili, mmoja upande huu wa Namanga na mwenzake upande wa pili, waweza kujenga kuta za sura moja na kukutana na hoja tofauti mahakamani.

Sudan nayo ilikuwa na njia yake. Chini ya utawala wa Waingereza, mahakimu waliamriwa kuamua kwa haki, insafu na dhamiri njema pale ambapo hapakuwa na sheria iliyoandikwa, na kwa mlango huo kanuni nyingi za Kiingereza ziliingia. Baadaye Khartoum ilizirekebisha sheria zake za mikataba mara kadhaa katika miaka ya 1970 na 1980. Baada ya Mkataba wa Amani wa 2005, Kusini mwa Sudan ilianza kujitungia sheria zake, ikiwemo ya mikataba ya mwaka 2008.

Mawe ya Tsavo

Kabla ya kufika Juba, inafaa tusimame kidogo Tsavo, ambapo reli ya Uganda ilivuka mto mwaka 1898. Wengi wanakikumbuka kisa hicho kwa sababu ya simba waliokula watu. Ni wachache wanaokumbuka ugomvi wa mawe. Mhandisi John Henry Patterson ameeleza kwamba waashi kutoka Bara Hindi walilipwa rupia 45 kwa mwezi, ilhali kuli wa kawaida alilipwa rupia 12. Kwa hiyo makuli wengi walijitangaza kuwa waashi. Patterson alipogundua hila hiyo, aliamuru kila mmoja alipwe kwa kadiri ya mawe aliyoyachonga. Waashi wa uongo walikasirika, wakala njama ya kumwua machimboni, naye aliponea chupuchupu.

Mkasa huu una mafunzo mawili. Kwanza, kipimo ni silaha ya haki: mwashi wa kweli hakuwa na sababu ya kuogopa futi na kamba. Pili, kipimo kilichowekwa na upande mmoja baada ya kazi kuanza huleta fitina, hata kikiwa cha haki. Kipimo kizuri ni kile kilichokubaliwa kabla ya jiwe la kwanza kuwekwa.

Juba na fedha inayoyeyuka

Mji wa Juba si wa kale kama Lamu au Kilwa. Ulikuzwa na Waingereza katika miaka ya 1920 ili uwe makao ya serikali ya jimbo, na wafanyabiashara wa Kigiriki walikuwa miongoni mwa waliojenga maduka na nyumba zake za mwanzo. Vita vya muda mrefu vilidumaza ujenzi. Mfano mkubwa wa kazi iliyokatizwa ni mfereji wa Jonglei, kaskazini ya Juba. Kampuni ya Kifaransa ilianza kuuchimba mwaka 1978. Ulipangwa uwe na urefu wa kilomita 360, na takribani theluthi mbili zilikuwa zimechimbwa vita viliposimamisha kazi mwishoni mwa 1983. Mtambo mkubwa wa kuchimbia umebaki palepale ukishika kutu. Mfereji ulioishia njiani hauvushi maji hata tone; je, waliochimba theluthi mbili wamefanya kazi au hawakufanya? Hilo ni lile swali la baharia wa 1795, safari hii likiulizwa katika udongo mweusi wa Mto Nile.

Amani ya 2005 ilifungua milango. Wakandarasi na mafundi kutoka Uganda, Kenya, Ethiopia na nchi za mbali walimiminika Juba, na nyundo za Jebel zikaanza kulia. Uhuru ulipopatikana tarehe 9 Julai 2011, mji ulikuwa umetanda hadi chini ya mlima. Lakini katika Januari 2012 nchi mpya ilifunga visima vyake vya mafuta kwa sababu ya ugomvi na Khartoum juu ya ada ya kupitishia mafuta. Mafuta hayo yalikuwa yakiipa serikali karibu mapato yake yote. Mafuta yalianza kutiririka tena mwaka 2013, na Desemba ya mwaka huo huo vita vikazuka Juba. Mwezi Julai 2016 mapigano yalirudi mjini, na eneo la Jebel lilikuwa miongoni mwa yaliyoumia sana. Waliokuwa na madai walikimbia, na wengine walikimbia bila karatasi zao.

Balaa jingine lilikuja bila mlio wa bunduki. Hadi Desemba 2015 thamani rasmi ya pauni ya Sudan Kusini ilishikiliwa kuwa takribani pauni 2.96 kwa dola moja ya Marekani. Kisha serikali iliiachia, na kwa mara moja dola ikafikia takribani pauni 18.5. Tuseme fundi alikuwa akidai pauni 296,000. Kabla ya siku ile dai lake lilikuwa sawa na dola 100,000. Siku ya pili yake lilikuwa sawa na dola 16,000. Mdaiwa angeweza kumlipa senti kwa senti na kuapa kwamba hakupunguza kitu, na kiapo chake kingekuwa kweli. Wahenga walisema dawa ya deni ni kulipa. Huku tumejifunza kwamba dawa hiyo nayo huchacha ikicheleweshwa.

Wafanyabiashara wa Uganda waliouza bidhaa huko bila kulipwa walipiga kelele hadi deni lao likawa jambo la serikali mbili. Uganda ilikubali kuwalipa baadhi yao kwanza, na Sudan Kusini irudishe baadaye. Hao walikuwa na kampuni zilizoandikishwa na hati za kuonyesha. Mwashi mmoja mmoja hana bunge la kumsemea.

Karatasi ya fundi

Nina mwanafunzi mmoja wa darasa la jioni, mwashi wa makamo, ambaye siku moja alibaki darasani wenzake walipotoka. Alinitolea karatasi iliyokunjwa mara nne. “Mwalimu,” akasema, “nisomee hapa. Mimi nimejenga, lakini wananiambia karatasi inasema sijajenga.”

Karatasi ilikuwa ya Kiingereza. Ilisema kwamba fungu la mwisho la malipo, ambalo ni theluthi ya jumla, litatolewa baada ya mhandisi kutoa cheti cha kukamilika kwa kazi. Nikamwuliza mhandisi ni nani. Akacheka kwa uchungu. Hapakuwa na mhandisi tangu siku ya kwanza. Mwenye nyumba hakumwajiri mhandisi yeyote, naye alikuwa amekwisha kuhamia na kulala ndani ya nyumba hiyo kwa miezi mitano.

Nilijua kidogo tu kuhusu mambo hayo, kwa hiyo nilikwenda kuuliza. Niliambiwa kwamba swali hilo si geni. Mwaka 1947 mahakama ya juu ya Uingereza iliamua shauri la kampuni iliyotengeneza meli, ambayo malipo yake yalitegemea cheti cha mkaguzi wa mwenye meli. Cheti kilikosekana kwa kosa la upande wa mwenye meli, na mahakama ikaamua kwamba watengenezaji walipwe bila cheti. Yaani mtu hawezi kuufunga mlango kwa mkono wake mwenyewe kisha amlaumu mwenziwe kwa kutoingia. Tuliketi na wazee wa mtaa, fundi akaeleza, ukuta ukapimwa, lipu iliyokuwa na nyufa ikakadiriwa na kutolewa katika hesabu. Mwenye nyumba alikubali kulipa kidogo kidogo. Hadi ninapoandika haya amelipa nusu ya kilichosalia. Fundi hakushinda, lakini dai lake halikufa.

Kilichoniuma ni kwamba mtu huyo alijenga nyumba nzima akiwa hajui neno moja lililomfunga. Kazi yake aliifahamu kwa Kiswahili na kwa Kiarabu cha Juba. Deni lake liliandikwa kwa lugha nyingine.

Kalenda ya dai

Katika mikataba mikubwa ya barabara na madaraja, hatua za dai zimepangwa kama kalenda. Shirikisho la wahandisi washauri la kimataifa, FIDIC, lililoundwa mwaka 1913, lilitoa kielelezo chake cha kwanza cha mkataba wa ujenzi mwaka 1957. Katika toleo lake la 1999, mkandarasi hupeleka hesabu ya kazi aliyoifanya. Mhandisi ana siku 28 za kutoa cheti cha malipo. Mwenye kazi hutakiwa kulipa katika siku 56 tangu mhandisi apokee hesabu. Akichelewa, riba huanza kuhesabiwa. Mkandarasi asiyelipwa aweza kusimamisha kazi baada ya kutoa notisi ya siku 21. Naye mwenye dai la nyongeza asipolitangaza katika siku 28 aweza kulipoteza kabisa.

Fundi wa Jebel hahitaji kitabu hicho kizima. Hata hivyo, mantiki yake inamfaa, nayo yaweza kuelezwa kwa Kiswahili chepesi. Kabla ya kazi, andikeni kipimo, bei, na aina ya fedha. Na ikiwa fedha yenyewe haitulii, andikeni itakadiriwaje siku ya kulipa. Mtajeni kwa jina yule atakayeikagua kazi. Gawanyeni malipo kwa hatua zinazoonekana kwa macho: msingi, kuta, lenta, paa, lipu. Kila hatua ikiisha, pimeni pamoja na tieni sahihi siku hiyo hiyo. Kazi ya nyongeza isiagizwe kwa mdomo tu. Mwisho, peleka ankara yenye tarehe na ubaki na nakala. Katika Kenya, Uganda na Tanzania, dai la mkataba huzeeka kisheria baada ya miaka 6. Asiye na tarehe hawezi hata kujua umri wa dai lake.

Wajibu wetu

Sudan Kusini ilijiunga na Jumuiya ya Afrika Mashariki mwaka 2016, na mkataba wa Jumuiya hiyo unakitaja Kiswahili kuwa lugha ya mawasiliano ya watu wake. Hata kabla ya hapo maneno yetu yalikuwa yamekwisha kutangulia: sehemu ndogo kabisa ya utawala katika Sudan Kusini huitwa boma. Lakini lugha haienei kwa tamko. Huenea inapomfaa mtu katika shida yake.

Tumezoea kuwafundisha wanafunzi wetu barua ya kirafiki na barua ya kuomba kazi. Ni mara ngapi tumewafundisha barua ya kudai malipo ya kazi iliyokwisha? Ni mara ngapi tumewatungisha mkataba wa kujenga kibanda, wenye kipimo, bei, tarehe na sahihi? Zoezi kama hilo lina sarufi ya kutosha: hali ya masharti, nyakati, kauli ya kutendwa, na tofauti kubwa iliyopo baina ya “nimejenga” na “nimemaliza kujenga.” Katika darasa tofauti hiyo ni ya alama mbili. Nje ya darasa ni theluthi ya ujira wa mtu.

Mwanafunzi wangu yule sasa ana daftari la kurasa mia, lenye jalada gumu. Juma lililopita alinionyesha ukurasa wa kwanza: tarehe, urefu wa ukuta, idadi ya matofali, jina la mwenye kiwanja na sahihi yake. Mwandiko bado unapanda na kushuka, na neno “sahihi” alikuwa amelikosea. Tulilisahihisha pamoja, akalifunga daftari katika mfuko wa nailoni pamoja na mwiko wake, akaenda kazini.